Mndimu ndani ya pipa: ninavyolea mindimu na milimau kwenye ua wa saruji

Mti wa jamii ya michungwa ukiwa kwenye chombo huanza kuugua chini. Kinachoonekana ni majani kuwa manjano, kujikunja au kupukutika, na majani hayo ndiyo yanayopuliziwa dawa, lakini mara nyingi tatizo liko mizizini: maji yametuama, chumvi imejaa, udongo umechemka kwa jua, au chokaa imefunga madini ya chuma. Ndiyo maana hapa nitakaa zaidi kwenye udongo na maji, na dawa zitafuata baadaye. Huu ni utaratibu ninaoutumia Dar es Salaam, kwenye joto la pwani na maji ya kisima yenye chumvi kidogo. Aliye Arusha, Lushoto au Limuru apunguze kiasi cha maji, na asome kwa makini zaidi sehemu ya ugonjwa wa majani ya manjano.

Kwanza mche. Miche mingi inayouzwa kwa jina la "ndimu fupi" si mifupi kwa asili. Imebebeshwa, yaani imeunganishwa, juu ya shina la limau la kienyeji lenye nguvu, na ukiupanda ardhini utakupita urefu bila shida. Kinachoufanya uwe mfupi ni pipa na mkasi. Lipo shina linalodumaza kweli, Flying Dragon, lakini si la kawaida kwenye vitalu vyetu, kwa hiyo usilipie zaidi kwa ajili ya neno tu. Angalia mambo mawili. Kiungo cha kubebesha kionekane wazi, walau sentimita 15 juu ya udongo. Kisha papasa chini ya kiriba, ule mfuko wa plastiki wa mche: mizizi ikiwa imejizungusha kama kamba, mche umekaa sana na utasumbua. Mche wa mbegu huota vizuri na miba yake, ila unaweza kukuweka miaka mitano au zaidi ukisubiri ua la kwanza, wakati wa kubebeshwa huzaa ndani ya miaka miwili au mitatu. Kwa chombo, ndimu isiyo na mbegu (Tahiti), ndimu ndogo ya kienyeji na limau la Meyer ndizo zinazovumilia zaidi. Mchenza unawezekana. Mchungwa nao unawezekana, lakini unataka chombo kikubwa na mtu asiye na haraka.

Usiutoe mche kwenye kiriba ukautia moja kwa moja kwenye pipa la lita 100. Udongo mwingi usio na mizizi hukaa na maji, hewa huisha, na mizizi michanga huoza kabla haijafika huko. Mwaka wa kwanza ndoo ya lita 20 inatosha. Baada ya hapo uhamishie kwenye chombo cha lita 50, au nusu ya pipa la plastiki la lita 200. Hakikisha pipa hilo lilibeba chakula, si kemikali. Toboa matundu kumi hivi ya upana wa kidole kwenye kitako, na mengine manne ubavuni, chini kabisa, kwa sababu kitako kikilala kwenye saruji matundu ya chini huziba. Kisha liweke juu ya matofali matatu.

Kokoto chini ya udongo sitii. Watu wengi hufanya hivyo wakiamini zinasaidia maji kutoka, lakini maji hayashuki kirahisi kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye mawe makubwa. Hushikiliwa juu ya mpaka huo hadi udongo uloe kabisa, na matokeo yake unakuwa umepandisha tope karibu zaidi na mizizi. Kipande cha chandarua juu ya matundu kinatosha kuzuia udongo usitoke.

Rangi ya chombo nayo ina uzito wake. Pipa jeusi au la bluu likipigwa na jua la kaskazi, kati ya Desemba na Machi, hupasha udongo wa pembeni hadi mizizi inababuka. Utakuta mti una mizizi katikati tu na pembeni hakuna kitu. Paka nje rangi nyeupe au chokaa, au zungushia gunia la katani. Majani yapate jua saa sita au zaidi kwa siku, ila pipa lenyewe likiwa kivulini ni bora.

Udongo ninaochanganya, kwa kipimo cha ndoo: mbili za udongo tifutifu wa juu, mbili za mchanga wa mtoni wenye chembe kubwa, moja ya mboji au samadi iliyooza hadi haina harufu wala joto, na moja ya makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Makumbi yana chumvi yake, hivyo yaloweke siku nzima, mwaga maji, rudia mara mbili zaidi. Mchanga wa baharini usiuguse hata ukiwa wa bure, kwani mbali na chumvi una vipande vya makombe na matumbawe, ambavyo ni chokaa. Miti hii hupenda udongo wenye uchachu kidogo, pH kati ya 5.5 na 6.5. Ikipanda sana kuelekea 8, chuma, zinki na manganizi hubaki kwenye udongo bila kuingia kwenye mzizi. Ndiyo maana maeneo mengi ya Unguja na ukanda wa pwani wenye mawe ya matumbawe yana mindimu yenye majani machanga ya njano ingawa samadi imejaa. Majivu ya jikoni huleta balaa hilohilo. Yafaa mboga fulani. Mndimu wa kwenye pipa hayaufai.

Ukipanda, kiungo cha kubebesha kibaki juu kabisa ya udongo, na mizizi ya kwanza iwe karibu na uso. Udongo ukipanda hadi kwenye gome, au matandazo yakiligusa, gome huoza na kutoa gundi ya kahawia. Hapo utakwangua sehemu iliyooza hadi ufike kwenye gome zima, kisha upake uji wa mrututu na chokaa, gramu 100 kwa gramu 100 katika lita moja ya maji. Uchanganye kwenye chombo cha plastiki, kwa sababu mrututu hula chuma. Lakini usipoondoa udongo uliolifukia gome, unapaka bure.

Sasa maji, ambayo ndiyo yanayoua miti mingi kuliko wadudu wote. Hakuna ratiba ya "kila siku asubuhi". Chomeka kidole hadi kiungo cha pili. Pakiwa pakavu, mwagilia. Pakiwa na unyevu, acha. Ukimwagilia, mwagilia hadi maji yatoke chini, ambayo kwa chombo cha lita 50 ni lita tano hivi. Kikombe kimoja kila siku ni mbinu mbaya, kwani hulowesha juu tu, na chumvi hubaki pale pale ikiongezeka. Kwa mti uliokomaa, wakati wa kaskazi hutokea nikamwagilia kila siku, au siku moja nikaruka moja. Kipupwe, Juni hadi Agosti, ni kila siku ya tatu au ya nne. Masika mara nyingi sigusi kopo, kazi yangu ni kuhakikisha matundu hayajaziba.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba mti wenye kiu na mti uliozama hulegea vilevile. Tofauti iko kwenye udongo. Majani yakilegea na udongo umekauka, mwagilia na jioni utayaona yamesimama. Yakilegea huku udongo umelowa, mizizi imeoza, na kuongeza maji ni kuumaliza. Utoe mti, unuse. Mizizi mizima ni ya rangi ya maziwa au manjano hafifu na ni migumu. Iliyooza ni ya kahawia, ganda lake linavuka ukilivuta, na inanuka kama yai viza. Kata yote iliyooza, punguza matawi kwa kiasi hichohicho, panda upya kwenye udongo mkavukavu na uweke kivulini wiki mbili.

Ukionja maji ya kisima ukahisi chumvi, mndimu umeshaihisi kabla yako. Dalili ni ncha za majani ya zamani kukauka na kuwa kahawia, kisha kupukutika. Dawa yake ni kusuuza: pitisha maji baridi yasiyo na chumvi, mara mbili ya ujazo wa chombo, polepole. Kwa pipa la lita 50 ni lita 100, na kwa bei ya maji hapa si jambo dogo. Kwa hiyo huiachia mvua ya masika ifanye kazi hiyo bure, na hukinga maji ya bati kwenye simtanki kwa ajili ya Februari. Kumbuka kwamba mvua inayosuuza chumvi husuuza na naitrojeni, hivyo mti utapauka mwezi Juni usipourudishia mbolea.

Mbolea kwenye chombo huwekwa kidogo kidogo. Mti uliokomaa kwenye lita 50 naupa kijiko kimoja cha chakula cha NPK 17:17:17 kwa mwezi, nikikigawa mara mbili, nusu kila baada ya wiki mbili. Ulioko kwenye ndoo ni kijiko cha chai tu kwa mwezi. Nyunyiza mbali na shina, juu ya udongo uliokwisha kuloweshwa, halafu mwagilia tena. Mbolea kwenye udongo mkavu huunguza mizizi, na siku ya tatu majani huanguka yakiwa bado kijani. DAP, mbolea yenye fosfati nyingi, siitumii kwenye mapipa, kwani fosfati ikizidi huzuia zinki na chuma. Maganda ya mayai hayana madhara, ila huoza polepole mno kiasi kwamba ni mapambo zaidi kuliko mbolea.

Kusoma majani, anza kwa kuuliza ni ya zamani au machanga. Ya zamani yakipauka yote kwa pamoja ni njaa ya naitrojeni. Weka mbolea ya naitrojeni kama CAN, au SA ikiwa udongo wako una chokaa, maana SA huongeza uchachu. Ya zamani yakiwa manjano lakini yamebakiza pembetatu ya kijani kwenye shina la jani, ni magnesiamu. Yeyusha kijiko cha chai cha magnesiamu salfeti katika lita moja na upulizie jioni, urudie baada ya wiki mbili. Majani machanga yakiwa manjano huku mishipa ni kijani, hapo ni chuma, na kisababishi karibu kila mara ni chokaa au udongo uliolowa muda mrefu. Busta ya majani, yaani mbolea ya kupulizia, yenye chuma na zinki itayarudisha kwa muda, lakini rekebisha udongo.

Kuna umanjano mwingine wa kuogopwa: madoa yasiyolingana, upande mmoja wa jani tofauti na mwingine, tawi moja limepauka na mengine mazima, matunda madogo yaliyopinda. Huo ni ugonjwa wa bakteria unaosambazwa na wadudu wadogo wanaoruka. Aina ya Kiafrika hupenda nyanda za juu zenye baridi, na mdudu wake huacha vishimo na uvimbe kwenye majani machanga. Mdudu wa Kiasia, anayevumilia joto, naye ameshaonekana Tanzania na Kenya. Ugonjwa huu hauna tiba. Ng'oa uchome, na usichukue vikonyo vya kubebesha kwenye mti huo.

Wadudu wengine hawana makuu. Vidukari, vidung'ata na wadudu wa magamba hunyonya utomvu na kudondosha sukari, juu yake huota ukungu mweusi kama masizi. Sugua masizi kwa kitambaa chenye maji, kisha pulizia sabuni ya maji, kijiko cha chakula kwa lita moja, chini ya majani hasa, jioni, na urudie kila baada ya siku tano mara tatu. Sabuni ya unga ya kufulia huunguza. Mwarobaini hufanya kazi vizuri zaidi kwa vidudu vichanga: gramu 50 za mbegu zilizopondwa, lita moja ya maji, lala nazo usiku, chuja. Sisimizi wakipanda mti wafungie njia kwa kuyaweka matofali ya pipa ndani ya sahani za maji, kwa sababu huwalinda vidukari kwa ajili ya ile sukari. Majimoto, wale sisimizi wakali wanaoshona majani kuwa viota, ni afueni kidogo kwa mashamba, ila kwenye ua wenye watoto siwataki.

Kiwavi anayefanana na kinyesi cha ndege, akikua anakuwa kijani na ukimgusa anatoa pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali, ni mtoto wa kipepeo. Wachache tu humaliza mche wa ndoo kwa siku mbili. Waokote kwa mkono. Michoro ya fedha iliyopindapinda kwenye majani machanga ni ya kiwavi anayeishi ndani ya jani. Dawa ya mwarobaini ipulizwe majani yakiwa na urefu usiozidi sentimita tatu, la sivyo umechelewa. Jani lililokwisha kuchorwa usilikate, bado linalisha mti.

Machipukizi yanayotoka chini ya kiungo cha kubebesha yavunje yakiwa madogo. Ni ya limau la kienyeji, yana nguvu kuliko ndimu yako, na yakiachwa miaka miwili utabaki na mlimau wa miba.

Kila mwaka wa pili au wa tatu, mwanzo wa masika mawingu yakiwepo, utoe mti, kata sentimita tatu za mizizi pande zote na chini, jaza udongo mpya, na upunguze matawi kwa robo hivi. Mizizi ikibanana, maji hupita pembeni na kutoka chini bila kulowesha katikati, nawe utadhani umemwagilia.

Mwaka wa kwanza ondoa matunda yote. Wa pili bakiza kama kumi. Maua mengi na matunda madogo hudondoka yenyewe, hilo ni kawaida; yakidondoka matunda ya ukubwa wa gololi kwa wingi, tafuta kiu ya ghafla. Mndimu huchanua mwaka mzima, lakini mchenza mgumu wa kuchanua huamshwa kwa kupunguziwa maji hadi lita moja badala ya tano kwa wiki tatu, kisha kurudishiwa yote pamoja na mbolea.

Ndimu ya Tahiti huwa tayari baada ya miezi minne hivi tangu ua, ngozi ikiwa nyororo na tunda likibonyea kidogo. Usingoje rangi. Usiku wa pwani hauna baridi ya kutosha kuondoa kijani, hata chenza huiva likiwa na koti la kijani. Kata kwa mkasi na ubakize kikonyo kifupi, maana ukilivuta tunda, ngozi huchanika pale juu na huoza kabla ya wiki kuisha.