Taa ya juu na taa ya majini

Kibirizi, Alhamisi, Mei 14

Giza la mwezi limeingia, na ziwa limejaa taa. Mgeni wa Kigoma anaweza kudhani kuna mji mwingine huko mbele, kumbe ni wavuvi wa dagaa. Jioni hii nilikaa na mama mdogo juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Yeye alikuwa anakiangalia chombo cha mumewe. Mimi nilijifanya naangalia hichohicho, lakini macho yalikuwa kaskazini, upande wa Burundi, ambako Dubu Mkubwa, lile kundi la nyota, alikuwa ameinama karibu na vilima.

Baba mdogo bado ana karabai, wenzake wengi wamehamia taa za betri. Hawajafika mbali, taa ikafifia. Nikashtuka. Mama mdogo hata hakusogea.

“Angalia majini, mwanangu. Ikififia ya juu na ya majini pia, upepo umepungua, ataipiga pampu. Ikicheza ya majini peke yake, hilo wimbi.”

Nafundisha fizikia mwaka wa tisa huu, na sijawahi kulieleza jambo hili vizuri namna hiyo.

Maana ndani ya huyo Dubu kuna kwaza moja inayoonekana mara mbili. Ni shimo jeusi kubwa mno linalomeza gesi, na gesi hiyo hung'aa kabla ya kumezwa. Mwanga wake umesafiri miaka kama bilioni 9. Njiani kuna galaksi, na uvutano wake unaupinda mwanga, ukatufikia kwa njia mbili. Walsh, Carswell na Weymann waliigundua mwaka 1979. Nafasi kati ya picha hizo mbili ni kama sarafu ya shilingi mia ukiiangalia kutoka mita 800. Kwa macho matupu huoni kitu. Mimi naangalia tu mahali ilipo, kama mtu anayesalimia nyumba ambayo wenyewe hawapo.

Kwaza hazitulii. Mlo wa gesi ukibadilika, mwangaza hupanda au hushuka. Lakini njia mbili hazilingani, kwa hiyo picha ya pili huchelewa kurudia kilichofanywa na ya kwanza. Mnorwe Sjur Refsdal aliandika mwaka 1964 kwamba ucheleweshaji wa aina hii ungeweza kutupa kasi ya kutanuka kwa ulimwengu. Tabu ilikuwa kuupima. Wapo waliopata siku kama 415, wapo waliopata 536, na ubishi ukachukua miaka. Kisha Desemba 1994 picha ya kwanza ikashuka ghafla. Hapo hakukuwa na la kufanya ila kungoja. Kama ni siku 536, ya pili ingeshuka katikati ya 1996. Ikashuka Februari. Siku 417!

Hiyo ndiyo karabai yenyewe. Wimbi nalo lipo. Katika kundi la nyota la Farasi kuna kwaza nyingine yenye picha nne, Msalaba wa Einstein, na huko picha zinapishana kwa muda mfupi sana, kama siku moja au pungufu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 picha moja ikang'aa peke yake, nyingine zimekaa kimya. Si kwaza iliyobadilika. Ni nyota za galaksi ya katikati zilizokuwa zinapita mbele ya njia ya mwanga ule, zikiukuza kwa uvutano.

Nilijaribu kumweleza mama mdogo. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza: “Siku mia nne na kumi na saba? Na hao walikuwa wanalipwa kwa kukaa tu?”

Nimerudi nyumbani nikahesabu kwenye kalenda ya ukutani. Picha ya kwanza ikiwa imefifia usiku huu, ya pili itafifia Julai 5 mwakani. Kalenda inaishia Desemba, nimeandika kwa kalamu pembeni.

Karabai ilirudi kuwaka, ya juu na ya majini kwa pamoja. Mama mdogo akajifunga khanga vizuri, akaenda kuandaa ndoo.