Mwalimu, Wiki Hiyo Kuna Mbalamwezi

Tabora treni ilikaa sana. Mabehewa ya Mwanza yalikuwa yanakatwa, nasi wa Kigoma tukabaki madirishani tukinunua asali iliyotiwa kwenye chupa za maji. Hapo ndipo mmoja wa wanafunzi wangu watatu, binti mzaliwa wa Ujiji, alipofungua ratiba niliyoiandaa akasema, "Samahani Mwalimu, wiki hii uliyoipanga kuna mbalamwezi."

Sikumwelewa. Ratiba ilikuwa ya Septemba ijayo, wanafunzi wa chuo rafiki cha Uingereza watakapokuja kuungana na wetu kujifunza uvuvi wa Ziwa Tanganyika. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mjomba mbishi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazifui dafu, samaki hawakusanyiki, na wavuvi hubaki nchi kavu wakishona nyavu. Mgeni wa kuona uvuvi aje wakati wa giza.

Niliona aibu, maana haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2024 tulipanga walimu peke yetu, kwa baruapepe, tukashuka Kigoma Julai. Ziwa lilikuwa limefungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane! Hakuna kati yetu aliyekuwa ameuliza. Tukaokoa jahazi kwa kwenda Gombe kuona sokwe, kisha Ujiji kwenye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley waliokutana hapo 1871. Picha zilipatikana. Uvuvi, hata mtumbwi mmoja majini hatukuuona.

Ndiyo maana safari hii nilitaka wanafunzi wapange pamoja nasi: wawili wa kule kwa simu ya video, watatu wa hapa kwa miguu yao. Mwenzangu mmoja alicheka, akasema wataomba ufukwe tu. Kweli, ufukwe waliomba. Ila ni wale wawili waliotuambia kuwa likizo yao inafika hadi Septemba, na mmoja wao akauliza: hao tutakaowahoji wanalipwa nini kwa muda wao? Bajeti yangu ilikuwa na kila kitu hadi maji ya kunywa. Hilo halikuwemo.

Kaliua na Uvinza zilipita nimelala.

Mwaloni Kibirizi tulimkuta bibi mmoja akigeuza dagaa juu ya chanja, jicho moja likiwa kwenye mawingu ya Novemba.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu." Akanitazama mimi. "Wewe si ulikuja na wale wazungu? Walinipiga picha nimekaa, sina hata dagaa mmoja."

Sikuwa na jibu. Yule binti akavua viatu, akachuchumaa, akaanza kugeuza dagaa huku wakiongea Kiha. Nusu saa baadaye alikuwa ameshajua nani anawakopesha fedha ya mafuta, nani ana haki ya kununua wa kwanza, na hasara inaanzia wapi mvua ikiwakuta dagaa hawajakauka. Dodoso langu la maswali arobaini lilibaki mkobani.

Jioni taa ziliwaka ziwani, nyingi, kama mji umehamia majini. Binti akachukua kalamu, akakata mstari wangu: saa tatu asubuhi, mahojiano na wavuvi.

"Saa tatu wamelala, Mwalimu. Wanarudi alfajiri. Saa kumi na moja utaweza kuamka?"

Nikasema nitaweza. Akawatazama wenzake, wakacheka, na penye jina la msimamizi akaandika lake.