Tulivyoijenga upya bendi baada ya kuondokewa na mwimbaji wetu

Bendi yetu ni ya siku nyingi hapa Mwanza, mi napiga gita la solo na ndo napanga muziki. Tulianza na dansi la kawaida, afu magita yakazidi kuwa makali mpaka watu wa Kirumba wakawa wanatuita wana roki, tukapiga kuanzia baa za Nyakato mpaka Geita kwa watu wa mgodini. Mwimbaji wetu alipofariki, kila mtu msibani alikua na kijana wake anayeimba kama marehemu, na kuna mmoja kweli ukifumba macho ni yeye kabisa. Wenzangu wengi walitaka tumchukue harakaharaka maana kulikua na harusi zimeshalipiwa advansi.

Mi nilikataa, na aliyenipa nguvu ni mama wa marehemu kule Magu. Tulienda kumsalimia baada ya arobaini akatuambia, "Wanangu, kupiga pigeni, ila msije mkaniletea mtu wa kuniigizia mtoto wangu." Hapo hata wabishi waliinama, mjadala ukaisha.

Sasa pengo unalizibaje? Mpiga dramu wetu ni kijana wa roki kwelikweli, akaanza kunisimulia bendi kubwa za nje zilizopita hapohapo. AC/DC walimpoteza Bon Scott mwezi wa pili 1980, wakamchukua Brian Johnson na mwezi wa saba mwaka huohuo albamu mpya ikawa sokoni, magita yaleyale sauti nyingine. Joy Division wao Ian Curtis alipofariki mwezi wa tano 1980 waliacha mpaka jina, wakajiita New Order, mpiga gita Bernard Sumner akashika maiki, Gillian Gilbert akaingia kwenye kinanda, na taratibu muziki wenyewe ukahamia kwenye vinanda na mashine za dramu. Ila walionigusa zaidi ni Alice in Chains. Layne Staley alifariki 2002, albamu iliyofuata ikatoka 2009, na ndani yake sauti ya mpiga gita Jerry Cantrell, ambaye siku zote alikua anaimba pembeni ya Layne, imesogea mbele ikiwa pamoja na ya William DuVall aliyekuja baadae. Yaani walianzia kwenye sauti iliyokuwepo ndani ya nyumba.

Basi nikachukua rekodi zetu za zamani nikawa nasikiliza, nikitoa sauti ya marehemu kichwani kinabaki nini. Vilibaki viitikio. Kiitikio kilikua chetu siku zote, sisi wanne nyuma, na wapenzi wetu wanavijua viitikio kuliko beti. Na kwa mtu wa huku hilo sio geni hata kidogo, nenda Bujora pale Kisesa mwezi wa sita wakati wa Bulabo, ile sikukuu ya ngoma za Wasukuma, uone vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, wanavyoshindana, manju, yaani kiongozi wa kuimba, anatupa mstari mmoja tu, kundi zima linajibu, na uzito wote uko kwenye lile jibu. Tukageuza nyimbo: tunaanza na kiitikio, tunakirudia mpaka kikolee, beti zimekua fupi na tunagawana, mpiga besi anaimba ubeti, mpiga gita la rizimu anaimba mwingine, mi naingia pale pa chini.

Kazi ngumu ilikua ki, yaani ile noti wimbo unapokaa, juu au chini. Marehemu alikua na sauti ya juu sana, nyimbo nyingi ziko A, na hakuna kati yetu anayefika kule bila kukamua koo. Tukashusha tuni ya magita yote toni moja nzima, vidole vinashika A ileile inalia G. Nyuzi zikalegea zikawa zinapiga kelele kwenye shingo ya gita, ikabidi tufunge nyuzi nene, namba 11, na besi apunguze manjonjo maana huko chini akijaza sana kila kitu kinakua uji. Hapo ndo nikapenda, kwa sababu muziki ulipata kiza fulani ambacho hatukuwahi kua nacho, mzito, unatembea taratibu. Mpiga tumba akaanza kuweka mapigo ya bugobogobo chini ya dramu za roki, yale ya ngoma ya majembe, mwanzo walikua wanagombania nafasi yeye na dramu mpaka tukakubaliana dramu abaki na kiki, yaani ile ngoma kubwa ya mguu, na snea, ile ndogo ya mbele yake, tu, mengine ya tumba. Huo mlio sasa mtu akisikia anajua ni sisi, na mi naamini ni bora kuliko wa mwanzo, nasema hivo kwa heshima zote za marehemu.

Kilichoyumba ni hela. Marehemu ndo alikua anataja majina ya watu katikati ya wimbo na wanainuka kumtuza, sisi hatuna kipaji hicho. Nimejaribu kumsogelea mtu na solo mbele ya meza yake, wanatuza, ila sio kama zamani.

Kuhusu nyimbo alizotunga yeye, hilo tulilimaliza mapema na nashauri kila bendi ifanye hivo. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, kwahiyo ni mali ya warithi. Tulikaa na shemeji, tukaandika kwamba kila shoo tunayopiga nyimbo hizo anapata fungu sawa na mwanabendi, na analipwa usiku huohuo kwa simu kabla hatujagawana.

Wapo wazee wa Kirumba wanaolalamika kwamba tumewaharibia nyimbo zao. Nawaelewa, walimpenda. Kwao tunapiga wimbo mmoja wa kale jinsi ulivyokua, A ileile, natumia gita la pili ambalo sijalishusha, beti zote zinapigwa na solo bila mtu kuimba, na viitikio wanaitikia wenyewe. Kwa sasa tunafanyia mazoezi nyimbo mpya, za kwanza kabisa ambazo hakuwahi kuzisikia, na rizimu ndo anatunga.