Mbegu Kwenye Fundo la Leso

Mwaka 1998, muhula wa kwanza wa kidato cha kwanza, nilirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Kukhu, mama yake baba, hakuuliza ni pesa ngapi. Alichukua panga na kikapu, akajifunga leso, akaniambia, "Twende msituni, mjukuu wangu. Mukombero haujawahi kutunyima."

Kwetu ni upande wa Isecheno, kando ya Msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya. Mukombero hutambaa na kupanda miti mikubwa, majani yake mapana kama moyo. Kinachotafutwa ni mzizi. Ukiutafuna una uchungu kidogo, kisha utamu unabaki mdomoni. Wachuuzi wa Kisumu na Nairobi huusifu kwa nguvu za kiume tu, nami huumia nikiwasikia, maana kwetu Babu na wazee wenzake hawakufungua mazungumzo ya mahari kabla kila mgeni hajapewa kipande.

Kukhu alikuwa na utaratibu wake. Alifukua upande mmoja wa shina, akakata mzizi mmoja au miwili, akarudisha udongo na kuukanyaga. "Shina tumelikuta, tuliache."

Siku hiyo tulitembea tangu umande haujakauka hadi jua la utosi. Kila alipojua pana shina, tulikuta shimo. Mashimo ya jembe, na juu mtini majani makavu yananing'inia. Magunia yalikuwa yakipakiwa kwenye magari ya matatu pale Khayega, na wachimbaji walikuwa majirani zetu, wenye watoto waliofukuzwa shule kama mimi. Sijawahi kuwalaumu. Anayelipwa kwa gunia, na nyumbani hakuna unga, atapata wapi muda wa kurudisha udongo?

Kukhu aliketi chini ya mukumari, mti unaochongwa ngoma. Akaanza kutaja miti iliyotuzunguka kwa Kiisukha, lugha yetu, mmoja mmoja, kama mama anayeita watoto jioni aone nani hajarudi. Nusu ya majina hayo sikuyajua. Shuleni tulikariri sehemu za ua kwa Kiingereza. Hakuna aliyewahi kuniuliza mti ulio mlangoni petu unaitwaje.

Mbega walipita juu, matawi yakatikisika, nikainua macho. Mukombero mmoja, mzima, maganda yake yananing'inia mawili mawili, mengine yameanza kupasuka. Nilishika panga. Kukhu akanikamata kiganja.

"Huo hauchimbwi."

"Na karo, Kukhu?"

"Karo itangoja."

Nililia kwa hasira, sifichi. Alinipandisha mtini huku nikilia, nikachuma maganda matatu. Mbegu zilikuwa na nyuzi laini kama hariri. Alizifunga kwenye pembe ya leso, palepale alipozoea kufunga pesa.

Nilikaa nyumbani hadi muhula wa pili. Tulizipanda kando ya ua na chini ya mparachichi, watu wakashangaa: nani hulima kitu cha msituni? Ikaota miche 17. Mwaka 2000 tulichimba mizizi ya kwanza, kwa utaratibu wake uleule, na karo yangu ya kidato cha tatu ikatoka hapo. Baadaye majirani wa Muliru walifanya kubwa zaidi kwa mmea mwingine, wa jamii ya mrehani, wanaoulima na kuukamua mafuta ya dawa ya kuchua. Mwaka 2010 kikundi chao kikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Nilifurahi kama vile tuzo imeingia nyumbani kwetu.

Kukhu hakuwahi kuisikia habari hiyo, alikuwa ameshatutoka. Wala hakusikia kwamba mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho, kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Usiku nilioisoma habari hiyo nilichukua daftari, nikajaribu kuandika majina aliyoyaita siku ile chini ya mukumari.

Niliyakumbuka kumi na moja.