Siku moja maishani mwangu: msaidizi wa kisheria kijijini

Siku yangu huanza saa kumi na moja alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya migomba, na kabla ya kuwasha moto husali sala fupi. Simwombi Mungu anipe ushindi juu ya mtu. Namwomba subira na maneno ya staha, kwa kuwa kazi yangu ni kuingia katika nyumba za watu wakiwa wamekwisha kugombana, na huko neno moja likitoka vibaya huharibu kikao cha mwezi mzima. Baada ya sala nachemsha chai, nawaandaa watoto, mume wangu anachukua panga kwenda shambani, na ikifika saa moja asubuhi nimekwisha kulifunga daftari langu katika mfuko wa nailoni na kushika njia.

Mimi ni msaidizi wa kisheria katika kata moja ya mkoa wa Kagera. Wapo wanaoniita wakili, jina ambalo si langu, na wapo wanaoniita mvunja nyumba, jina ambalo huniuma kuliko ninavyoonyesha. Wakili husimama mahakamani kumsemea mteja wake, mimi siruhusiwi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatutambua sisi kama watu waliopata mafunzo ya kuwaelimisha wananchi kuhusu haki zao, kuwasaidia kuandika barua na kujaza fomu, kuwaelekeza mahali panapohusika, na kusuluhisha yale yanayosuluhishika. Yasiyosuluhishika, kama ubakaji au kipigo, hatuyaweki mezani kwa mazungumzo; tunampeleka mhusika dawati la jinsia la polisi siku hiyohiyo. Msaada wetu hautozwi fedha. Chakula cha nyumbani kwangu kinatoka kwenye kibanja chetu cha migomba na kahawa, na nauli ya bodaboda mara nyingi inatoka mfukoni mwa mume wangu.

Siku ninayoisimulia ilikuwa Alhamisi, katikati ya mvua za masika.

Saa mbili nilikutana na mwenzangu, mwalimu mstaafu ambaye tulipata mafunzo pamoja. Yeye ni Mwislamu na mimi ni Mkristo, na katika miaka yote ya kufanya kazi pamoja sijapata kuona dini ikitutenganisha. Akikutana na ndugu wa Kiislamu wanaomnyima mjane, huwasomea Sura ya An-Nisaa, ambamo mjane mwenye watoto ametajiwa thumuni ya alichoacha mumewe, kisha huwauliza kwa upole ni nani kati yao aliyepewa mamlaka ya kuifuta. Nami nikikutana na Wakristo huwakumbusha binti za Selofehadi, katika kitabu cha Hesabu sura ya 27, waliosimama mbele ya Musa na kudai urithi wa baba yao asiyeacha mtoto wa kiume, na Mungu akasema wamenena haki. Sifanyi hivyo kwa ujanja. Imani yangu ndiyo iliyonileta katika kazi hii, na sioni namna ya kuungama Jumapili kwamba wote tumeumbwa kwa mfano mmoja, kisha Jumatatu nikakaa kimya mtu anapofukuzwa shambani kwa sababu ni mwanamke.

Tuliyekuwa tukimsindikiza alikuwa mjane mwenye mabinti watatu. Mumewe alifariki mwaka uliopita. Kibanja chao kina sehemu mbili: nusu ya juu, yenye makaburi, mume aliirithi kwa baba yake, nusu ya chini waliinunua wakiwa wamekwisha kuoana, na hati ya mauziano ina majina ya wote wawili na sahihi za mashahidi. Mdogo wa marehemu aliitisha kikao cha ukoo, akateuliwa kuwa msimamizi wa mirathi, na tangu siku hiyo akaanza kuvuna kahawa ya pande zote mbili. Hili ndilo kosa ninalokutana nalo kuliko yote. Msimamizi si mrithi. Kazi yake ni kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni na kuwagawia wanaostahili, na hata uteuzi wa ukoo ni pendekezo tu mpaka Mahakama ya Mwanzo imthibitishe baada ya kusikiliza wenye pingamizi. Mjane alitaka kupeleka pingamizi lake, na kwa hilo alihitaji barua ya utambulisho yenye muhuri wa kijiji.

Barua hiyo ni ya mistari minne. Tuliingoja kuanzia saa mbili na nusu hadi karibu saa sita, kwa sababu mwenye muhuri alikuwa ametoka na funguo zote. Nikiwa pale kibarazani nilisoma tena ubao wa matangazo, ambapo taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji ilikuwa ileile ya robo mwaka mbili zilizopita. Niliiandika katika daftari ili niiulizie kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Siasa yangu ndiyo hiyo. Sivai sare ya chama chochote katika kazi hii, lakini kila mkutano mkuu nimo, mstari wa mbele, na huwavuta wanawake wenzangu watoke chini ya mti nyuma kabisa waje tukae pamoja tuulize fedha zetu zimekwenda wapi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe saba, na watatu kati yao wawe wanawake. Kwa muda mrefu hapa kwetu watatu hao walikuwa majina kwenye karatasi, na wakihudhuria waliombwa wachemshe chai. Leo mmoja wao ndiye anayesoma muhtasari kwa sauti mbele ya wanaume, na haikutokea hivihivi. Tulikwenda nyumbani kwake mara nyingi, tukazungumza naye na mumewe, tukafanya naye mazoezi ya kusoma.

Muhuri ulipogongwa hatimaye, mjane aliishika ile barua kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Ningetaka siku iishie hapo. Lakini alituambia, kwa sauti ya chini, kwamba jana yake shemeji yake alikuwa amesogeza mpaka wa ile sehemu ya chini, na akatuomba twende tukaone.

Tulifika baada ya saa saba, mvua ikiwa imekatika na udongo ukiteleza. Wasiojua Buhaya, yaani nchi ya Wahaya, watambue kwamba hapa mpaka wa kibanja haupandwi nguzo. Unapandwa mlamula, mti mwembamba wenye majani marefu ya kijani, ambao wazee wanasema jina lake linatokana na kulamula, yaani kuamua. Milamula ya zamani pale ilikuwa na mashina manene kama mkono, yenye makovu ya majani yaliyoanguka, na kuvu imeshika upande wa kivuli. Mitatu iliyokuwa hatua kadhaa ndani ya shamba ilikuwa vijiti. Niliinama nikaigusa: udongo ulikuwa laini, haujashikamana, na kwenye ncha ya juu ya kijiti kimoja bado ilionekana alama nyeupe ya panga. Kule ilikopaswa kuwa kulikuwa na mashimo yaliyojaa maji ya mvua. Mwalimu alipima kwa hatua, nami nikachora kila kitu katika daftari.

Shemeji alitukuta hapohapo. Sitamwita mtu mbaya, maana amezaliwa na kukua akiambiwa kwamba ardhi ni ya wanaume wa ukoo na kwamba binti akiolewa huenda nayo kwa wageni. Lakini alinichosha. Alianza kwa kuniuliza mimi ni mke wa nani na mume wangu ananiruhusuje kuzurura kwenye mashamba ya watu. Nilimjibu kwamba mume wangu anajua nilipo. Akasema milamula imekuwepo siku zote. Nilimwonyesha ncha iliyokatwa. Akasema basi imepandwa na mjane mwenyewe ili kumsingizia. Mwalimu alimwuliza, kwa adabu yake yote, mjane angepunguzaje shamba lake kwa mkono wake, naye akaligeukia jambo jingine: kwamba kanuni za mirathi za kimila zinampa haki. Hapo sikuweza kumwambia kwamba anasema uongo mtupu. Kanuni hizo zipo, zilitangazwa na serikali mwaka 1963, zinamweka binti katika daraja la tatu la warithi na zinamnyima mjane fungu ikiwa marehemu ana ndugu wa ukoo. Nikimficha mtu sheria inayonichukiza, sitofautiani na anayeficha inayomfaa.

Kwa hiyo nilimweleza yote. Nilimwambia kwamba Katiba, katika Ibara ya 13, inakataza ubaguzi. Nilimwambia kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji inasema mila inayomnyima mwanamke haki halali ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili kwa kiasi hicho. Nilimsimulia kesi ya Holaria Pastory, mwanamke wa hukuhuku Kagera aliyerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake na kuliuza mwaka 1988, ndugu wa ukoo wakamshtaki kwa sababu mwanamke hauzi ardhi ya ukoo, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kwamba ana haki ileile aliyo nayo mwanaume. Nilimwambia pia kwamba sehemu ya chini si urithi wote, kwa kuwa jina la mjane limo katika hati ya mauziano, na kwamba tangu shauri la Bi Hawa Mohamed, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, hata kupika, kulea na kutunza nyumba vinahesabiwa kuwa mchango katika mali ya ndoa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: «Hayo ni ya mahakamani. Hapa ni kwetu.» Na tukaanza upya. Mimi ni mke wa nani, mume wangu ananiruhusuje, milamula ipi. Mara tatu.

Sikumbuki vizuri saa za sehemu hiyo ya siku. Jua lilitoka na kuondoka. Majirani walikusanyika kwenye njia, watoto waliotoka shule walisimama na madaftari vichwani, na binti mkubwa wa mjane, aliye kidato cha pili, alikaa kwenye gogo akitutazama mmoja baada ya mwingine bila kusema neno. Njaa ilinibana tumbo na miguu ikawa mizito. Kilichotuokoa ni mzee wa ukoo, aliyekuja akitegemea fimbo, akaketi, akafungua kipande cha jani la mgomba na kutugawia kahawa za kutafuna kama desturi inavyotaka kwa mgeni. Nilipokea kwa kupiga goti kidogo na kumwitikia «waitu», neno la heshima la Kihaya, na mwalimu akapokea. Shemeji alikataa kwanza, akabaki amesimama peke yake, kisha akanyoosha mkono.

Mzee hakumhukumu mtu. Alisema kikao kilimteua msimamizi, hakikumpa shamba, na kwamba yeye mwenyewe alikuwepo siku ile ya mauziano. Aliagiza vijiti vile ving'olewe na vijana wa ukoo wenyewe, si mjane. Viwili viling'olewa. Cha tatu shemeji alikikingia mguu, akasema kitaondoka mahakama ikimwambia, nasi tukakiacha, maana kupigania kijiti giza likiingia ni kukaribisha mapanga. Niliandika hivyo katika daftari: viwili vimetolewa, kimoja kimebaki, mashahidi ni hawa.

Wakati wa kuondoka binti yule alinisindikiza hadi barabarani. Aliniuliza kama mama yake atashinda. Nilimwambia sijui, kwa sababu ndio ukweli. Nusu ya juu itakuwa na ubishi mrefu, na mahakama ndiyo itakayoamua ni sheria ipi itumike. Nilimwambia kwamba najua njia ya kufika pale, na kwamba hawataitembea peke yao. Akaniuliza kama na yeye anaweza kusomea kazi hiyo. Nikamwambia amalize kidato cha nne kwanza.

Jioni hiyo ilikuwa zamu ya jumuiya ndogondogo kusali nyumbani kwa jirani. Nilifika wakiwa kwenye nia za maombi, nikakaa karibu na mlango na matope yangu. Mwenyekiti wa jumuiya aliomba kwa ajili ya amani katika familia zenye migogoro ya ardhi, bila kutaja mtu, na baadhi ya waliokuwemo ni ndugu wa yule shemeji. Nilijibu «Ee Bwana, utusikie» pamoja nao, na nilimwombea kwa moyo wote, yeye na wanawe.

Nyumbani nilikuta ndizi na maharage vimefunikwa. Mume wangu hakuuliza siku ilikwendaje. Alinimwagia maji ya kunawa miguu, akaniambia mtoto wetu mdogo amepata alama nzuri za hisabati. Ukutani kwetu, ndani ya fremu, ipo hati ya hakimiliki ya kimila ya kibanja hiki, na majina yaliyomo ni mawili. Tulibishana miezi mitatu kabla hajakubali, na shangazi zake hawajanisamehe mpaka leo.

Usiku wa saa nne, kwa taa ya sola, nilinakili mchoro wa milamula katika karatasi safi. Kisha nilipanga: barua yenye muhuri, nakala ya hati ya mauziano, cheti cha ndoa, cheti cha kifo, majina ya mashahidi. Mvua ilikuwa imeanza tena kupiga bati. Niliviweka vyote katika mifuko miwili ya nailoni, mmoja ndani ya mwingine, nikafunga fundo, kwa kuwa bodaboda itakayotupeleka mahakamani inapita kwa mjane saa kumi na mbili na nusu.