Nilivyopata zege bila viazi

Mi nimepunguza wanga tangu mwezi wa pili, ugali niliuacha fresh, wali nao sawa, ila zege, yaani chipsi mayai, jamani lilinishinda, kila nikipita kwa muuza chipsi jioni lazima nigeuke. Na mayai yenyewe wala hayana kesi, yai moja lina wanga chini ya gramu 1 na protini kama gramu 6, kesi ni viazi. Nikajaribu kabichi badala yake, mara ya kwanza ikatoka majimaji hovyo, maana kabichi inaachia maji na mi nilimwaga mayai palepale. Siku hizi naikata nyembamba kabisa, nakaanga na kitunguu kidogo, moto mkali, bila kufunika, chumvi naweka MWISHO, mpaka ianze kuwa kahawia pembeni, ndo napunguza moto namwaga mayai matatu niliyopiga, nafunika dakika 3 hivi afu nageuza kwa sahani. Linashikana vizuri tu. Juu kachumbari na pilipili, tomato sosi hapana, nyingi zina sukari. Mume wangu alikuwa ananicheka, sasa hivi anadokoa.