Siku za Kukaa Bure: Kuushuka Yukon kwa Mtumbwi

Ugomvi wa kwanza kati yangu na shemeji ulikuwa wa hesabu. Alichukua kilomita 700 na ushee zilizopo kati ya miji ya Whitehorse na Dawson, kaskazini-magharibi mwa Kanada, akazigawa kwa kasi ya maji ya mto Yukon, akajumlisha na nguvu za makafi yetu, akapata idadi ya siku iliyomfurahisha yeye na kunitia wasiwasi mimi. "Shemeji, mto wenyewe unatubeba," akaniambia. "Sisi kazi yetu kuelekeza mtumbwi tu."

Kuhusu mto hakukosea. Yukon unakimbia. Mahali pengi ukiweka kafi chini ukamenya karanga, kingo zinaendelea kukupita. Tangu 1999 kuna mashindano ya makafi kwenye njia hiyohiyo, na wenye mbio zao hufika Dawson kabla siku tatu hazijaisha. Kisichokuwepo kwenye karatasi ya shemeji ni ziwa Laberge.

Ukitoka Whitehorse, hata hujazoea kukaa kwenye mtumbwi, mto unamwagika ndani ya ziwa la urefu wa kilomita kama 50. Humo mkondo unakufa. Kila hatua ni ya mikono yako. Maji yake ni ya baridi kali, kwa maana barafu ya ziwa hilo huweza kukawia hadi mwanzoni mwa Juni, wakati mto juu yake na chini yake umeshafunguka zamani. Mtu akidondoka humo, dakika chache tu vidole vinagoma kushika kitu, na hapo kujua kuogelea hakumsaidii sana. Halafu kuna upepo. Ziwa limebanwa na milima pande mbili, upepo ukiingia hauna pa kupotelea, unalifuata ziwa kwa urefu wake wote na kuyasukuma mawimbi mpaka yakomae.

Ndiyo maana nilikuwa natetea siku za kukaa bure: siku ambazo tumeziandika kwenye ratiba, tumezinunulia chakula, lakini hatujazipangia kilomita hata moja. Shemeji aliona ni uvivu uliovikwa suti. Nikamuuliza: kwenu Ujiji, wavuvi wakiamka wakakuta ziwa limechafuka, wanafanya nini? Akanyamaza kidogo, kisha akacheka. Mtu wa Tanganyika hahitaji kufundishwa upepo wa ziwa. Na mimi nimekulia Pangani; wakati wa kusi nimeona manahodha wazima, wenye vyombo vizuri, wakishinda ufukweni wanashona nyavu na hakuna anayewaita waoga. Tulichokuwa tumekisahau, baada ya miaka ya kukaa Edmonton na kuendeshwa na saa za kazi, ni kwamba kusubiri nako ni sehemu ya safari ya majini.

Hesabu zikabadilika. Kilomita zikagawanywa kwa siku fupi zaidi, siku za bure zikaingizwa, nyingi zikiwa mwanzoni, upande wa Laberge. Kisha dada, ambaye ndiye mke wa shemeji na ndiye angebaki na nakala ya mpango, akauliza swali ambalo sisi wawili hatukuwa tumelifikiria: "Hii tarehe mliyoniandikia ni ya kufika, au ya mimi kuita polisi?" Tukaona mantiki yake. Zikaandikwa tarehe mbili, na siku za bure zote zikakaa katikati yake. Tulikuwa tumekodi kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti, maana sehemu kubwa ya mto huo simu ya mkononi ni saa tu, lakini dada alisema kifaa huzimika na karatasi haizimiki.

Kutoka Edmonton hadi Whitehorse ni karibu kilomita 2,000 za barabara. Watu walishangaa kwa nini hatupandi ndege. Sababu kubwa ni mizigo: ndege haikubali kopo la pilipili la kumpulizia dubu, haikubali mtungi wa gesi ya jiko, na unga wetu tusingeuacha. Angalizo kwa atakayefuata: mji wa Dawson Creek, ambako barabara ya Alaska inaanzia, si Dawson tunayoiendea. Ni miji miwili tofauti kabisa, yenye zaidi ya siku nzima ya kuendesha gari kati yake.

Chakula kilituletea ugomvi wa pili. Shemeji alikuwa amenunua dagaa wa Kigoma kwenye duka la Waafrika pale mjini, mfuko mzima, na haingii safari bila dagaa. Mimi namuwaza dubu. Ukanda ule una dubu weusi na grizi, na pua ya dubu haina mfano. Kila kinachonukia, hata dawa ya meno, hulala mbali na hema. Kwa kawaida watu wa mto hutumia mapipa ya plastiki ya bluu yenye mfuniko unaobanwa kwa pete ya chuma. Huzuia harufu kwa kiasi na maji kabisa, ila dubu aliyedhamiria hazuiliki. Tulimalizana hivi: dagaa watakuja, lakini wamekaangwa nyumbani na kufungwa mafungu madogo ndani ya mifuko miwili miwili, na watapikwa mchana tu, tukisimama kupumzika, kisha tunapanda mtumbwi na kuondoka na harufu yetu tunaiacha pale. Jioni ni wali, ugali na maharage ambayo niliyachemsha na kuyakausha kwenye oveni ili yasimalize gesi. Utaratibu huu wa kupika mahali pamoja na kulala pengine niliupenda kuliko yote tuliyopanga.

Mzee wa duka la kukodisha mitumbwi alipotuona tunapakia alitikisa kichwa, akasema tuna mzigo wa mwaka 1898. Alikuwa na haki ya kucheka. Dhahabu ilipoonekana kwenye kijito cha Bonanza, karibu na Dawson, mwezi Agosti 1896, na habari zikaifikia dunia mwaka uliofuata, maelfu walimiminika kupitia njia hii hii. Polisi wa Kanada waliokaa juu ya milima hawakumruhusu mtu kuvuka bila shehena ya kumtosha mwaka mzima, karibu tani moja kwa kila kichwa, ambayo wengi waliibeba mgongoni kwa awamu. Walikaa kipindi cha baridi wakipasua mbao na kuunda mashua kando ya ziwa Bennett, na barafu ilipoachia mwishoni mwa Mei 1898, vyombo zaidi ya 7,000 viliondoka. Wengi wao walifika na kukuta viwanja vyote vizuri vya dhahabu vimeshachukuliwa.

Mzee yule alitupa sheria moja tu kuhusu Laberge: chagueni upande mmoja, mshikamane nao mpaka mwisho, msikate katikati hata maji yawe kioo. Tukachagua mkono wa kulia.

Siku ya kwanza ilikuwa ya kustarehe. Tai wenye vichwa vyeupe juu ya misonobari, maji ya kijani, shemeji anaimba. Jioni tukapiga hema karibu na mdomo wa ziwa. Usiku wa Juni pale si usiku. Saa tano jua bado linachungulia, na giza la kweli haliji kabisa, hata ikatubidi kuswali kwa kufuata ratiba ya msikiti wetu wa Edmonton, la sivyo ningesubiri Isha mpaka Septemba. Tukaamka saa tisa na nusu alfajiri, ziwa limelala, tukapiga makafi mfululizo. Mpaka kwenye saa nne asubuhi tulikuwa tumeshapata sehemu nzuri ya ziwa, na shemeji ameanza kunikumbusha siku zangu za bure.

Upepo ulitokea nyuma yetu. Mgeni wa maji angefurahi, upepo wa tezi, tandika turubai uende. Lakini upepo wa nyuma kwenye ziwa refu ndio mbaya, kwa sababu kadiri unavyosonga mbele mawimbi yanakua pamoja nawe. Kwanza yalikuwa yanatusukuma kwa upole. Baada ya robo saa yalikuwa yanainua tezi na kujaribu kutugeuza ubavu. Hatukujadiliana, tulikuwa mita chache tu kutoka kwenye kokoto, tukaingia nchi kavu, tukauvuta mtumbwi juu, tukaufunga kwenye mti. Tulilala hapo siku hiyo, na siku iliyofuata tukaimaliza pia. Shemeji alilala, akasoma, akashona mkanda wa begi, akachemsha chai ya tangawizi mara zisizohesabika. Ziwa zima lilikuwa povu. Mchana wa siku ya pili aliniambia bila kunitazama kwamba siku hizi za bure, kwa kweli, tulizinunua kwa bei ya chini.

Tuliondoka upepo ulipochoka, katikati ya ule usiku usio na giza, tukalimaliza ziwa.

Baada ya hapo Yukon hukulipa. Sehemu iitwayo Thirty Mile, kutoka ziwani hadi Hootalinqua ambapo mto Teslin unajiunga, ndiyo maji mazuri kuliko yote niliyowahi kuyapitia: buluu ya kung'aa, unaona mawe ya chini yakikimbia, kona baada ya kona. Kanada iliiingiza kwenye orodha ya mito ya urithi mwaka 1991. Uzuri huo umeua meli nyingi; ilikuwa njia ngumu kwa meli za mvuke zenye gurudumu la nyuma, na mabaki yake bado yapo. Kwenye kisiwa karibu na Hootalinqua kuna meli nzima, Evelyn, imekaa msituni na miti imeizunguka. Meli hizo zilikula kuni kupita kiasi, na kambi za wakata kuni zilizowekwa kandokando ya mto ndizo leo viwanja bora vya kupigia hema. Ukiona mahali pamekaa wazi na pana usawa, ujue kuna mtu aliyekesha akipasua magogo hapo miaka mia iliyopita.

Sisi tulipenda zaidi visiwa vya kokoto. Kuna kaupepo, mbu ni wachache, na nyayo za dubu zinaonekana kirahisi kabla hujashusha mzigo. Ubaya wake ni kwamba maji hupanda usiku mvua ikinyesha mbali, kwa hiyo mtumbwi hulala juu na umefungwa, hata kama mbingu ni safi.

Carmacks kuna daraja na duka, ndipo pa kukatisha safari kwa asiyejisikia. Mbele yake kuna Five Finger, minara minne ya mwamba inayoupasua mto mara tano. Inatisha kwa picha. Unashika mfereji wa kulia kabisa, unapiga magoti, mtumbwi unaunyoosha, mawimbi matatu manne yanakulowesha kifua na imekwisha. Baada ya Minto barabara nayo inauacha mto, mpaka Dawson.

Fort Selkirk tulitumia siku ya bure bila upepo wowote kutulazimisha. Ni mji wa nyumba za magogo usiofikika kwa barabara, unaotunzwa na Selkirk First Nation, jamii ya wenyeji wa asili, pamoja na serikali ya jimbo la Yukon. Robert Campbell wa kampuni ya Hudson's Bay alianzisha kituo chake eneo hilo mwaka 1848. Wachilkat, watu wa pwani waliokuwa wakivuka milima kwenda kununua ngozi kwa wenyeji wa bara, wakaona faida yao inakatwa. Mwaka 1852 wakaja wakakipora. Shemeji aliposimuliwa hivyo alisema hii ni habari ya kwao: watu wa pwani, njia ya misafara, na mgeni anayefungua duka mwisho wa njia.

Kuanzia hapo chini tulianza kuangalia kuta za mto. Chini kidogo ya majani kuna mstari mweupe, kama chokaa, unaofuata ukingo kwa kilomita nyingi. Ni majivu ya volkano iliyolipuka upande wa Alaska yapata miaka 1,200 iliyopita. Ukifika mto White unapoingia, Yukon unageuka rangi ya chai ya maziwa, na ukitulia unasikia mtumbwi unachacharika chini: ni mchanga laini ukisugua mbao zake. Maji ya kunywa tulikuwa tunayaacha kwenye ndoo usiku kucha yatuame ndipo tuchemshe. Vijito vya pembeni ni bora ukivipata.

Kambi za uvuvi tulizozipita zilikuwa kimya. Samaki aina ya chinook wamepungua sana, na mwaka 2024 Kanada na Alaska zilikubaliana kusitisha kuwavua katika Yukon kwa miaka saba. Kwa Tr'ondëk Hwëch'in, wenyeji wa asili wa Dawson, na jamii nyingine za wenyeji wa mto huo, jambo hili ni zito kuliko kilo za samaki, kwani kambi ndiko watoto walikojifunzia kupasua na kukausha.

Dawson tuliingia mchana, Klondike ukimwaga maji yake maangavu upande wa kulia. Tukamtumia dada ujumbe, tarehe ya kwanza ikiwa bado haijafika. Mtumbwi ulichukuliwa hapohapo, sisi tukaanza kilomita 530 za barabara kurudi kulichukua gari. Njiani shemeji alifungua ramani magotini. Anataka mwakani tuanzie Johnsons Crossing, tushuke kwa mto Teslin, tutokezee Hootalinqua. "Hakuna ziwa hata moja, shemeji. Siku zako za bure tutazifanyia nini?" Nikamwambia njia hiyo inaikosa Thirty Mile. Akakaa kimya mpaka Pelly Crossing, akaanza kuuliza kama kuna namna ya kuupandisha mtumbwi.